Rivolva Inayokula Risasi za Wenzake

Jumatatu, 7 Aprili

Nimenunua. Hatimaye.

Sababu ni Consuelo Barraza, mwenye mgahawa hapa San Lázaro. Watu wote humwita Chelo. Ana miaka sita ya ujane. Mimi nina miaka mitano ya kunywa chai ya asubuhi kaunta kwake, na katika miaka hiyo yote hajawahi kuniuliza kama nina mke. Sina. Alihamia Tucson na muuza mazulia.

Ijumaa nilimsikia Chelo akimwambia Wendell Krause kwamba bastola yake ya magazini, ile ya kuchomeka kasha la risasi mpinini, ni kelele tupu. Wendell ni askari mstaafu wa kaunti, na hukaa kile kiti kilicho karibu zaidi na Chelo kana kwamba alizaliwa hapo. Chelo alisema marehemu Rubén alivaa rivolva kiunoni miaka ishirini kule ranchi, kwa ajili ya nyoka wa njuga, na aliifyatua mara nne tu. Akasema mwanamume wa rivolva husikika akitembea, kwa uzito ule. Kisha akaangalia mlango.

Nataka aangalie mlango namna ile nami ndiye ninayeingia.

Basi leo nimekwenda Willcox, kwa muuza bunduki. Nyumbani nina mikebe miwili ya risasi za bastola ya magazini niliyoiuza zamani. Nikamwambia nataka rivolva, lakini risasi ninazo tayari, tena si za rivolva. Nilidhani atacheka. Akatoa hii. Ya jeshi, ya zamani, silinda ya matundu sita, nayo hula risasi zilezile za bastola. Akanieleza mambo mengi kuhusu namna ya kuipakia. Sikusikia hata neno. Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha kabati, upande upande.

Mpini ni wa mti wa meskiti, umechongwa kwa mkono. Amenipa na kifuko chenye vipande vinne vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga. Vya nini, sijui. Zawadi, nadhani.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeivaa kwenda mgahawani. Chelo hayupo! Yuko Douglas kwa dada yake hadi kesho kutwa. Mpwa wake, Maribel, ndiye anayehudumu, na Maribel hata nikiingia na mzinga atauliza tu kama nataka pilipili ya kijani au nyekundu.

Wendell alikuwepo, bila shaka. Alikiangalia kiuno changu muda mrefu, akauliza inakula nini. Nikamwambia. Akageuka ili watu wote wasikie.

“Mama rivolva, baba magazini,” alisema. “Mzee Lyman, hiyo ni nyumbu, chotara wa punda na farasi. Hongera. Mmefanana.”

Watu wakacheka. Mimi pia, ili ionekane sijali. Nimejali hadi saa hii.

Habari njema: Chelo ameacha maagizo kwamba niwashe mashine ya kupoza hewa kabla hajarudi. Ndiyo kazi yangu, mashine za juu ya paa. Nikapanda. Fremu ya kushikilia nyasi zinazoloweshwa maji ili zipoze upepo ilikuwa imelegea, nami nimesahau vibanio vyangu nyumbani. Nikakumbuka vile vipande vya mwezi mfukoni. Viwili vikaingia barabara, kama vilitengenezwa kwa ajili hiyo. Akili ni mali.

Wakati wa kushuka, rivolva ilifanya kile ambacho kilo moja na ushee hufanya kwenye mkanda wa mtu asiye na makalio. Suruali ikashuka kabla yangu. Nilikuwa kwenye ngazi, mikono yote miwili imeshika, na upande wa pili wa barabara kina mama wa kanisa walikuwa wanauza keki. Mmoja alinipungia mkono.

Jumatano, 9 Aprili

Mazoezi, kule korongo kavu nyuma ya kinu cha zamani. Nilipanga mikebe sita ukingoni. Nikafyatua sita. Mkebe mmoja ulianguka, nadhani kwa upepo.

Nikafungua silinda, nikasukuma fimbo ya kutolea maganda. Fimbo ikatoka, maganda yakabaki. Nikasukuma tena. Nikageuza nikatikisa. Nikaibembeleza. Hakuna. Mwishowe nikayasukuma kwa penseli kutoka mbele, moja moja, kama mtu anayetoa uboho kwenye mfupa. Nilipoinua macho, Wendell ameegesha lori lake juu ya korongo, ameshika kahawa. Aliinua saa yake ya mkononi na kuionyesha kwa kidole.

Nikampigia simu yule wa Willcox. Akapumua kwa uvumilivu, akarudia yale ya juzi. Risasi ya rivolva ina ukingo kitakoni, ndio unaoshikwa na fimbo. Ya bastola haina. Kwa hiyo unazipachika tatu tatu kwenye vile vipande vya mwezi, viwili vinajaza silinda, na zote hutoka kwa pamoja. Bila vile vipande, alisema, una penseli.

Viwili ninavyo bado. Nimevitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Vimechorwa herufi kwa ncha ya msumari: R.B. Alama ya kiwanda, bila shaka.

Chelo anarudi kesho. Nimetoboa mkanda tundu jipya.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijui niandikeje.

Nilichelewa, kwa kuwa nilikuwa natafuta shati linaloendana na mpini. Njiani nikaona nivae koti, nimfunulie pole pole. Bahati yangu koti lile.

Nikaingia mgahawani. Wendell alikuwa amesimama, amevua kofia. Maribel analia. Chelo alikuwa karibu na mashine ya fedha, chini ya picha ya Rubén, anawasha mshumaa. Mbele ya mshumaa, juu ya kitambaa cheupe, vipande viwili vya mwezi.

Ilikuwa hivi. Asubuhi mashine ilianza kupiga yowe. Mimi sikuwepo, Wendell akapanda. Kipande kimoja kilikuwa kimedondokea kwenye feni, kingine bado kimebana fremu. Akamletea. Chelo akaona herufi.

Rubén Barraza. R.B. Nimekuwa nikiishi duniani miaka sitini na mitatu na sikuweza kuunganisha herufi mbili.

Chelo alinishika mkono. Miaka mitano, na leo ndipo ameshika mkono wangu. Akanieleza kwamba vibanio hivi ni vya Rubén, alivichora mwenyewe ili wafanyakazi wenzake wa ranchi wasimwibie. Rivolva iliondoka nyumbani muda mfupi baada ya mazishi, na vibanio vyote pamoja nayo. Sasa vimerudi. Vimekutwa juu ya paa lake, ndani ya mashine, vikishikilia nyasi zisianguke.

“Bado anatupoza,” alisema. “Miaka sita, Bwana Lyman, na bado anahangaika tusipate joto.”

Uso wake ulikuwa wa msichana. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha nikahisi ile rivolva ndani ya koti, ya moto kama chapati, nikaomba kahawa.

Na jambo baya kuliko yote nitaliandika hapa tu. Niliona wivu. Kazi nimefanya mimi, jasho nimetoa mimi, suruali imenivuka mimi, na anayependwa ni marehemu.

Ijumaa, 11 Aprili

Rivolva iko ndani ya pipa la unga. Siwezi kuivaa. Kiuno ni chepesi, natembea kama bata aliyekatwa bawa moja.

Nimefikiri mchana kutwa. Mtu wa heshima angekwenda akasema ukweli. Mtu wa heshima angempoteza Chelo kabla hajampata. Mimi nina vibanio viwili vilivyobaki, na Rubén ameanza kutuma salamu. Je, kama salamu ya pili ingeelekeza kidole? Je, kama kipande cha tatu kingeonekana, tuseme, kwenye kikombe cha mtu fulani, mpole, mtengeneza mashine?

Rubén hawezi kukanusha.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefanya. Nilikidondosha kwenye kahawa wakati Wendell anapakua sukari. Nikanywa nusu. Nikashtuka. Nilikuwa nimefanyia mazoezi mshtuko huo mbele ya kioo na nadhani ulikuwa mzuri.

Chelo akaja. Akakitoa kwa kijiko, akakifuta kwa aproni, akasoma herufi. Kisha akaniangalia. Nilingoja. Mashine ya juu ikaendelea kuvuma.

“Rubén hakukupenda hata kidogo, Bwana Lyman,” alisema kwa upole. “Alisema unatengeneza mashine moja unaharibu mbili. Hawezi kuja kutoka aliko akae kwenye kahawa yako.”

Wendell alijikohoza. Chelo akamwomba akamsaidie Maribel kuhesabu mayai jikoni. Akaenda! Mara ya kwanza nimemwona akiacha kile kiti.

“Iko wapi?” Chelo aliuliza.

Sikujifanya sijui ni nini. Nilimwambia yote: Willcox, mikebe, kioo cha kabati, fremu iliyolegea. Nilipofika kwenye pipa la unga alifumba macho. Nilidhani atanimwagia kahawa. Alizima tu mshumaa kwa vidole viwili, akasema niilete kesho baada ya misa.

Jumapili, 13 Aprili

Tulikwenda korongoni, yeye na mimi. Ningeandika sentensi hiyo mara ishirini kama daftari lingetosha.

Alivaa viatu vya kanisani. Nilimpa rivolva, nimeipangusa unga wote, karibu wote. Alipitisha kidole gumba kwenye mpini, mahali fulani penye kijishimo, na kidole kikatulia pale kama kimefika nyumbani. Kisha akachukua vibanio. Risasi tatu, tatu. Alizipachika bila kutazama, akavitumbukiza viwili kwa mpigo, akafunga silinda kwa kiganja.

Mikebe sita. Ilianguka sita.

Akafungua, akapiga fimbo mara moja. Maganda yote yakatoka pamoja, yameshikana tatu tatu, yakaanguka mchangani kama meno ya bandia. Alicheka. Kisha hakucheka tena.

Tuliketi kwenye jiwe. Akaniambia aliiuza mwenyewe. Ilikuwa ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila mlango ulipofungwa ilitikisika, naye akawa anageuka kusema karibu. Hakuweza. Aliiuza, na wiki iliyofuata akarudi kuikomboa, akaambiwa imeshanunuliwa. Akaitafuta mwaka mzima. Tangu hapo mlango ukifungwa hakisikiki kitu, na hilo, alisema, ndilo baya zaidi.

Nikamwuliza kama amekasirika kwa kudanganywa.

“Sijakasirika kwamba ulinidanganya,” alisema. “Nilikuwa naye siku mbili, Lyman. Jumamosi ukaja na kahawa yako. Ungeniachia hata wiki.”

Aliniita Lyman. Bila bwana. Nilikuwa tayari kufa pale pale, na yeye alikuwa anamzungumzia mwingine.

Nilipanga kuibakisha. Nakiri. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: rivolva ikikaa kwangu, Chelo atakuwa na sababu ya kuja korongoni kila Jumapili, na mimi ndiye dereva. Ulikuwa mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga. Lakini alikuwa ameiweka mapajani, mikono yote miwili juu yake, kama mtu anayempasha joto kifaranga. Nikasikia sauti ikisema achukue, ni yake, pamoja na vibanio vyote vinne na mikebe yote miwili ya risasi. Ilikuwa sauti yangu. Nilishangaa kama nilivyoshangaa kwenye ngazi.

Hakusema asante. Aliegemeza kichwa begani kwangu, kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Nilizihesabu. Bega sijaliosha.

Jumanne, 15 Aprili

Iko kwenye msumari. Nimeiona nilipokwenda kurekebisha mashine, maana imelegea tena. Nyuma ya mlango wa mgahawa, ndani ya mfuko wake wa ngozi.

Kila mteja anapotoka, mlango unajifunga, rivolva inagonga ubao. Tok. Na kila mara Chelo anainua kichwa. Leo nilitoka na kuingia mara nne, nikisingizia nimesahau kofia, nikisingizia nimesahau miwani. Mara zote nne aliinua kichwa, na mara zote nne uso wake ulifunguka kabla hajaniona, ukajifunga kwa adabu baada ya kuniona.

Nimeupata ule mtazamo niliokuwa nautaka. Nusu sekunde, mara nne.

Wendell amerudi kwenye kiti chake. Alinisogezea bakuli la salsa ya pilipili bila kuniita nyumbu. Nadhani ananihurumia. Nimeikataa salsa.

Jumamosi, 19 Aprili

Habari kubwa.

Maribel ameniambia, bila kujua anamwambia nani, kwamba lori la Rubén bado linatembea. Lile la buluu, ambalo lilikuwa likimleta nyumbani kutoka ranchi kila jioni saa kumi na moja. Liko Bowie, kwa mkulima wa pistachio, na anataka kuliuza. Maribel anasema mjomba wake alikuwa akipiga honi mara mbili kwenye kona ya benki, na shangazi alikuwa anatoka nje mbio na aproni yake, mikono imejaa unga.

Nimempigia huyo mkulima. Breki ni mbovu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, redieta inavuja.

Nimemwambia hayo yote hayanihusu. Nimemwomba apige honi, niisikie kwenye simu.