Daftari la Mvua Mbele ya Kamati

Tarehe mbili Februari, saa nne kamili asubuhi, Ofisi ya Uratibu wa Maandishi ya Kale hapa Songea ilitangaza kumalizika kwa tatizo la historia. Mimi, Beda Haule, Katibu wa ofisi hiyo, ndiye niliyelisoma tangazo, kwa hiyo nalijua vizuri. Lilisema kwamba kuanzia siku ile, barua za zamani, madaftari, ramani, picha na karatasi yoyote iliyomzidi umri msomaji wake havitatumika darasani wala katika utafiti bila kibali cha Kamati ya Kumbukumbu Mtambuka. Kamati hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake tangu uhuru.

Neno "mtambuka" liliwapa watu shida kidogo. Dada anayeuza chapati mkabala na ofisi yetu aliniuliza kama ni ugonjwa wa mifugo. Nikamweleza kuwa ni jambo linalovuka kutoka somo moja kwenda lingine, mathalani historia inapoingia kwenye hisabati.

"Ahaa," alisema. "Kwa hiyo nyinyi ni mgambo wa kuizuia isivuke."

Sikuona haja ya kumsahihisha.

Waraka wa utekelezaji niliuandika mwenyewe kwa wiki tatu, kurasa tisa. Mwenyekiti wetu, Ndugu Pankrasi Gama, aliusoma akasema hajawahi kuona Kiswahili kilichosimama wima namna ile. Ndugu Gama ni mtu mwema. Aliwahi kufundisha Uraia miaka miwili kabla ya kupanda ngazi, na toka hapo hajaingia tena darasani ila kukata utepe. Msemo wake mkubwa ni kwamba kanuni haina shemeji.

Kwa wiki saba hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuomba kibali. Tukaandika kwenye taarifa ya robo mwaka kwamba nidhamu imefikia asilimia mia moja.

Wiki ya nane tukapata mkosaji.

Alikuwa Mwalimu Zuhura Abdulatifu, mwenyeji wa Tunduru, anayefundisha Hisabati na Sayansi katika shule moja ya msingi upande wa Matogoro. Jina la shule silitaji kwa sababu faili bado halijafungwa. Akisafisha stoo na wanafunzi, alikuta chini ya majembe daftari nene la jalada gumu. Mwalimu mmoja wa zamani, Aidan, alikuwa amepima mvua pale shuleni kila asubuhi kuanzia mwaka 1951 hadi 1968. Upande mmoja aliandika kipimo cha mvua. Upande wa pili aliandika chochote alichoona: "Leo kumbikumbi." "Mto umepita juu ya daraja." "Mahindi yamenyauka, watoto kumi na wawili hawakuja."

Mwalimu mwingine angelirudisha chini ya majembe. Zuhura alilipeleka darasa la sita. Kwenye Hisabati watoto wakachora grafu za mvua ya miaka kumi na minane. Kwenye Sayansi wakatafuta kama kumbikumbi hutoka kabla ya mvua kubwa au baada yake. Halafu wakatawanyika mitaani kuwauliza bibi na babu zao mwaka gani walikula nini, na kulinganisha majibu na daftari. Mwalimu wa historia wa shule hiyo alituandikia barua kwamba somo lake limeingiliwa bila hodi.

Tulilichukua daftari kwa ajili ya usalama wake na kulifungia kwenye kabati la chuma. Kazi za wanafunzi, ambazo zilikuwa ziende kwenye maonyesho ya elimu mwezi uliofuata, tulizichukua pia, kwa kuwa zilikuwa zimegusana na daftari.

Kikao cha shauri kilifunguliwa saa tano. Wajumbe walikuwa Mwenyekiti, mimi, na wengine wawili ambao kazi yao ni kutimiza akidi. Zuhura alikaa kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani.

"Mwalimu, unafundisha nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hisabati na Sayansi, Mheshimiwa."

"Historia je?"

"Sifundishi."

"Daftari hili linaanza mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa hamsini na moja."

"Sasa hiyo ni nini kama si historia?"

"Ni namba, Mheshimiwa."

Mwenyekiti alinitazama. Nikainama kuandika.

"Aliyeliandika alikupa ruhusa?"

"Ameshafariki."

Hapo nikamkabidhi fomu yetu ya kibali na kumwonyesha kwa kalamu Sehemu C, inayosema: "Kama mwandishi ni marehemu, atie saini hapa." Zuhura aliisoma mara mbili.

"Hii itabidi nisubiri kidogo," alisema.

Mwenyekiti hakupenda mzaha, ingawa sina hakika kama ulikuwa mzaha. Alimpa wiki mbili alete shahidi anayejua daftari limetoka wapi. Akishindwa, tutapendekeza ahamishiwe shule isiyo na stoo. Zuhura aliitikia, "Sawa," akasimama, akatoka. Nilipoenda dirishani nilimwona amesimama kwenye ngazi anafuta macho kwa pindo la ushungi wake. Katika muhtasari niliandika kuwa mtuhumiwa aliondoka kwa utulivu.

Wiki mbili baadaye alirudi na shahidi.

Shahidi alikuwa Mama Lidwina Mapunda, mwalimu mstaafu wa Maposeni, umri miaka sabini na tisa, aliyepanda bodaboda toka kwake mpaka mlangoni petu akiwa amekumbatia furushi la kitenge. Kamati nzima ilisimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Mnanisimamia kama ninakuja kuwafukuza."

Alieleza kwamba Mwalimu Aidan alimkabidhi lile daftari kwa mkono wake, yeye akiwa mwalimu kijana pale pale shuleni, akamwambia asilitie kabatini bali awape watoto. Alipohamishwa aliliacha shuleni. Mwenyekiti akamshukuru, akamuuliza kama ana uthibitisho wa maandishi. Mama Lidwina akafungua furushi.

Akaweka karatasi mezani. Ulikuwa muhtasari wa kikao uliopigwa chapa kwa taipureta, wa Agosti 1976, na juu yake, kwa herufi kubwa: KAMATI YA KUMBUKUMBU MTAMBUKA, SONGEA.

Hapa inanipasa kuwa mkweli. Nilipokuwa natafuta jina la kamati yetu, nililiona kwenye ganda la faili moja tupu pale masijala, nikaliazima pamoja na hadidu za rejea zilizoandikwa nyuma yake. Nilidhani wenyewe wameshakwisha.

"Daftari limetajwa aya ya tatu," alisema Mama Lidwina. "Na ukurasa wa pili yapo majina ya viongozi. Mwenyekiti alifariki mwaka themanini na nane. Makamu ni mimi."

"Ulikuwa wewe," Ndugu Gama alimsahihisha kwa upole.

"Nionyeshe barua ya kuivunja kamati, mwanangu, nami nitasema nilikuwa."

Tulitafuta masijala saa nzima. Barua ya kuunda kamati tuliipata, nayo ilisema itaendelea kuwepo hadi itakapovunjwa kwa maandishi. Barua ya kuivunja haikuwepo. Nilirudi nikamnong'oneza Mwenyekiti kwamba, kwa kanuni zetu wenyewe, kamati mbili haziwezi kuwa na jina moja, na mwenyekiti akifariki makamu ndiye anayekalia kiti. Kwa kifupi, imekula kwetu.

Ndugu Gama angeweza kuahirisha kikao. Mtu mwingine angeahirisha. Lakini alikuwa ameishi miaka thelathini kwa msemo mmoja. Aliinuka, akaizunguka meza, akamvutia Mama Lidwina kiti cha Mwenyekiti. Kisha akaenda kukaa karibu na mlango, mahali pa wajumbe wa kualikwa.

"Ahsante," alisema Mama Lidwina, akavaa miwani. "Kikao kimefunguliwa. Tunaanza na yatokanayo na kikao kilichopita."

Kikao kilichopita kilikuwa kile cha Agosti 1976.

Yatokanayo yalikuwa na jambo moja tu. Kila mjumbe aliagizwa aingie darasani na afundishe kipindi kimoja kwa kutumia andiko la kale, katika somo ambalo si lake, kisha alete taarifa kabla kamati haijatoa maelekezo yoyote kwa walimu.

"Mimi nilitekeleza Septemba ile ile," alisema. "Waliofariki wamesamehewa. Nani mwingine ametekeleza?"

Zuhura, ambaye hakuwa mjumbe wa chochote, aliinua mkono nusu.

"Huyu ametekeleza," alisema Mama Lidwina. "Katibu, andika. Mpeni daftari lake na kazi za watoto. Sasa wewe, mwanangu wa mlangoni, uliwahi kufundisha somo gani?"

"Uraia, Mama."

"Basi utafundisha Hisabati."

Jumatano iliyofuata nilimsindikiza Ndugu Gama Matogoro. Alikuwa hajalala vizuri. Njia nzima alikuwa anafungua na kufunga mkoba. Nilikaa dawati la nyuma na watoto wawili waliosogea ili kunipa nafasi, Zuhura akasimama karibu na dirisha.

Ndugu Gama aliwaambia darasa la sita kwamba ameleta andiko muhimu, nalo lilikuwa waraka wetu. Ni kweli ulikuwa na miezi mitatu tu, lakini alieleza kwamba ofisini kila karatasi ni ya kale isipokuwa ile iliyomo ndani ya printa. Aligawa kurasa tisa, ukurasa mmoja kwa kila kundi, kisha akasimama. Chaki ilikuwa mkononi, ila somo halikuwepo. Dakika moja ikapita. Nimehudhuria vikao vya saa sita ambavyo havikuwa virefu kama dakika ile.

Msichana mmoja, Rosemary, alimwonea huruma. "Mwalimu, sisi tukipata andiko huwa tunahesabu kwanza. Maneno gani yamejirudia. Halafu tunachora grafu."

"Vizuri," alisema Ndugu Gama. "Hesabuni."

Walihesabu kwa sauti za chini, vidole vikitembea kwenye mistari yangu. Kisha kila kundi likataja namba zake, Ndugu Gama akajumlisha ubaoni, na nikiri kwamba alijumlisha vizuri. Mwenyekiti, mara arobaini na moja. Kibali, thelathini na tatu. Kikao, ishirini na saba. Wadau, kumi na sita.

"Na mwanafunzi?" aliuliza Rosemary, akiwa tayari na rula ubaoni.

Makundi yakatafuta. Kundi la ukurasa wa sita likasema limeona "mwana" mwishoni mwa mstari, ila mstari uliofuata uliendelea na "kamati". Hawakuacha, walibadilishana kurasa wakatafuta upya, kwa bidii, kama watu wanaotafuta kuku wa jirani.

"Hakuna, Mwalimu," walisema.

Rosemary alikwishachora mihimili minne. Ule wa Mwenyekiti ulikuwa umefika juu ya ubao, ikabidi apande kiti. Akashuka, akageuka.

"Mwalimu, wa mwanafunzi niuchore vipi? Hauna urefu."

Hakumcheka. Hakuna mtoto aliyecheka. Lilikuwa swali la Hisabati. Ndugu Gama aliitazama ile nafasi tupu.

"Andika jina lake hapo chini," alisema Ndugu Gama taratibu. "Juu uache wazi. Sifuri nayo ni jibu."

Rosemary akaandika. Ndugu Gama akamshukuru, akafuta mikono, akawaambia darasa zima ahsante, jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba.

Tulirudi mjini bila kuwasha redio ya gari. Tulipofika karibu na ofisi aliniambia nisishuke kwanza.

"Beda," alisema. Kwa miaka sita alikuwa ananiita Katibu. "Ulipokuwa unauandika ule waraka, ulikuwa unamfikiria nani?"

"Nilikuwa nakufikiria wewe, Mzee."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa taarifa ambayo haina kosa hata moja.