Tikiti ya Makupa

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Nimekamatwa! Na nani? Na Kache, askari wa trafiki ambaye hata kofia haijamkaa. Nilisimama kidogo tu katikati ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, kununua kaimati. Honi nyuma. Wapige! Halafu likaja jeneza, wabebaji wakalazimika kupita upande upande kati ya gari langu la Pijo na ukuta. Nikainama chini ya usukani, nisije nikaitwa nishike. Kuinuka, Kache yuko dirishani. Tikiti ya kuziba njia, na gari likaenda kituoni. Na Ijumaa ni harusi ya mpwa wangu Areej! Kaapa hapandi gari ila la mjomba wake.

Jumanne, 4 Novemba
Nimeisoma tikiti. Alhamdulillahi! Mahali: Makupa. Rangi ya gari: nyeupe. Pijo langu ni kijani tangu lizaliwe. Bila shaka asubuhi Kache alikuwa zamu Makupa, upande wa pili wa mji, akili akaisahau huko. Mke wangu Saadia anasema nilipe tu nichukue gari. Nilipe kosa la Makupa? Wazimu! Shemeji Zein, kaka yake, kaja kunipa pole, meno yote nje. Anasema Probox yake kaiosha, endapo. Endapo! Gari la kubebea magunia ya vitunguu, ati apandishwe bibi harusi.

Jumatano, 5 Novemba
Abdulbasit wa duka la vinyago ana kamera mlangoni. Nikamganda mpaka akanipa picha. Picha safi, wallahi! Kibao cha duka, namba ya gari, macho yangu yakichungulia juu ya usukani, kaimati shavuni. Kando kuna watu watu, sikuwatazama. Abdulbasit akaniuliza kama nimeiangalia vizuri. Nikamwambia auze vinyago vyake.

Nimeipeleka kituoni. Na ili Zein akome, nikaituma kwenye kundi la harusi la WhatsApp, familia zote mbili: ushahidi huu hapa, sikuwa Makupa!

Saa kumi alasiri nikapitia Ganjoni, kwa Zein. Nikatoa upepo gurudumu moja la Probox. Moja tu.

Alhamisi, 6 Novemba
Balaa! Pichani, aliyeshika jeneza mbele, mbavu zimebanwa na kioo cha gari langu, ni baba yake bwana harusi. Kumbe tangu Jumatatu anaulizia mwenye gari lile! Kapiga simu. Hakutaka kusikia habari za Makupa. Areej naye kapiga, analia. Kasema, mjomba, umenifedhehesha kwa wakwe hata sijaingia kwao. Hilo limeniuma sana. Nikamwambia mkosa ni Kache.

Kituoni wameifuta tikiti. Wakaandika nyingine, kwa picha yangu mwenyewe. Gari limebaki pale pale.

Jumamosi, 8 Novemba
Jana Areej kapelekwa kwa mumewe na Probox. Zein kapiga honi njia nzima, mshamba yule. Mimi nilifuata kwa tuktuk, nimepakata sufuria la biriani. Areej hakunitazama.

Leo nimeisoma tikiti mpya. Ndia Kuu, sawa. Kijani, sawa. Lakini siku! Wameandika Jumatano, saa kumi alasiri. Wajinga hawa hawaishi! Jumatano saa kumi nilikuwa Ganjoni, nimechutama kando ya Probox ya Zein. Na jirani yake ana kamera.

Naenda kuiomba picha sasa hivi. Kundi zima litaiona.