Bonyeza Endelea

Zack Nyang'au, fundi wa simu pale Litein na mkweli wa Jumapili pekee, aliona wakulima wamekwama na mikebe ya maziwa nje ya ushirika, moyo ukamruka kwa furaha. Watu wenye shida ndio wateja wake. Na yeye shida alikuwa nayo: Mzee Onchiri, mkwewe, ameapa kwamba bila mtamba wa mahari kufikia Jumamosi, anamchukua binti yake Edinah. Zack alimpenda Edinah kuliko hata uongo.

Ofisini, Mwenyekiti Kipkosgei alikuwa ameikodolea kompyuta macho. Skrini nyekundu ya onyo ilisema mtandao wa kupimia maziwa si salama.

"Fundi, hii kitu inataka nini? Maziwa inachacha huko nje!"

Zack akaelewa papo hapo. Kampuni iliyowauzia mtambo ilijitengenezea cheti cha usalama ikajitilia sahihi yenyewe, na kompyuta, ilipokosa kuona mdhamini inayemjua, ikagoma. Hakuna mwizi wala nini. Ni kubonyeza mara mbili tu. Lakini ukweli wa aina hiyo, jamani, haujawahi kumlipia mtu mahari.

"Mzee, hii ni mbaya sana," akanong'ona. "Kampuni imejiandikia cheti. Ni kama mtu ajibatize nyumbani kwa karai. Nani ameshuhudia?"

"Woi! Sasa tufanye nini?"

"Nitawaombea kwa wakubwa wa mtandao. Lakini wale hawachukui pesa. Wanachukua mtamba."

Kipkosgei akafikiri kidogo, kidogo mno kwa mtu anayeaga ng'ombe. "Sawa."

Zack akafumba macho, akaikemea kibodi kwa jina la Bwana, akabonyeza "Zaidi", kisha "Endelea". Ukurasa ukafunguka. Wakulima wakapiga makofi dirishani.

Nyumbani kwa mwenyekiti alipewa mtamba mweusi, mnono, na karatasi: "Huyu ni wangu, nimempa Zack." Sahihi: Kipkosgei. Mara mama mmoja akatoka jikoni na mwiko.

"Hiyo ng'ombe si yake!"

"Huyo ni nani?" Zack akauliza.

"Ni onyo tu," mwenyekiti akasema. "Hutokea kila asubuhi. Wewe endelea."

Zack akaendelea.

Hajafika hata barabara ya lami, mama yule akamfikia kwa bodaboda, naibu wa chifu ameketi nyuma yake. Alikuwa Janeffer, mke wa mwenyekiti, na mtamba alipewa na baba yake mzazi. Zack akatoa karatasi.

"Hii amejiandikia mwenyewe," naibu akasema. "Nani ameshuhudia?"

Mtamba alipokwisha kugeuzwa kurudi kwa Janeffer, Zack akampigia mwenyekiti simu. "Mzee, umenitapeli!"

"Mimi? Onyo si ilikuja na mwiko mkononi? Ni wewe ulibonyeza endelea."

Jumamosi Mzee Onchiri akafika. Zack akamkabidhi karatasi ile kwa mikono miwili, maana ndiyo yote aliyobaki nayo ya ng'ombe. Mzee akaisoma, akamwambia bintiye abebe nguo.

Edinah akasimama mlangoni na begi, kicheko kimembana, machozi pia.

"Njoo na mtamba, Zack," akasema. "Na uje na mwenyewe wa mtamba."