Saa Mbovu ya Mama Mapazia

Jumatatu, 4 Machi
Mambo yananinyookea. Nimekwenda tena kwa Mama Mapazia, yule mjane anayeshona mapazia jirani na karakana yangu ya saa, kutazama saa yake ya ukutani. Nimetikisa kichwa. Nimeguna. Nimemwambia ugonjwa wa saa hii si wa kawaida. Kweli si wa kawaida: ni kadibodi niliyoichomeka mwenyewe kwenye meno ya magurudumu yake. Saa ikipona, nitakwenda kwake kufanya nini? Leo nimepewa chai, na kiti chenye mto. Mwezi huu lazima niseme yaliyo moyoni. Nataka kumuoa, basi!

Jumanne, 5 Machi
Tetemeko! Limenikuta nanyoa ndevu. Nimetoka nje na povu shavu moja. Redio imesema ni la wastani, ila limetokea karibu na uso wa ardhi, ndiyo maana limetutikisa vile. Huku tumeyazoea. Mtaa mzima tulisimama barabarani, tukajuliana hali, tukarudi kwenye shughuli. Hakuna aliyeumia. Nikashukuru.

Nilishukuru mapema mno. Mama Mapazia kaja karakanani uso unang'aa. Saa inatembea! Imetikiswa, imeamka. Mama yake, Bibi, anasema tetemeko ni fundi kunishinda. Mama Mapazia kanishukuru kwa taabu zangu zote, eti sasa nikapumzike. Nikapumzike!

Jumatano, 6 Machi
Kumbe lile tetemeko limepasua pia bomba la jikoni kwake. Nani kaitwa? Koki, fundi bomba, mabega mapana na vicheko vya bure. Nimepita mbele ya dirisha lake, kwa bahati tu. Nimepita tena. Kakalia kiti changu! Mto wangu!

Sikukubali. Nikaingia, nikamweleza Mama Mapazia kitaalamu kwamba saa iliyoamshwa na tetemeko si ya kuaminiwa. Mitetemo midogo hufuata. Lazima fundi aikague. Bibi akauliza kama na yeye nitamkagua, maana alitikisika pia. Mama Mapazia akasema haya, njoo kesho. Nimekata kadibodi mpya, nene zaidi.

Alhamisi, 7 Machi
Fedheha. Nilipanda kwenye kigoda, nikangoja Bibi asinzie na binti yake aende kuchemsha chai. Nikafungua saa, nikachomeka kadibodi. Hapo hapo mtetemo ukapita. Mdogo, wa kugonganisha vijiko tu. Mtu mwenye dhamiri safi angetulia. Mimi nikaikumbatia saa, tukaanguka wote. Saa salama. Mgongo wangu, hapana.

Kadibodi zikamwagika sakafuni, mpya na ile ya zamani iliyolegezwa na tetemeko. Zote zimekatwa kwenye boksi lenye jina la karakana yangu. Koki, aliyekuwa bado anatengeneza bomba jikoni, akatoa kichwa chini ya sinki kutazama. Bibi, ambaye hakuwa amesinzia hata kidogo, akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza.

Mama Mapazia aliviangalia vile vipande. Nikajua nafukuzwa, na sitakanyaga tena pale. Moyo uliniuma vibaya. Ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwa upole kwamba mlango wake una kitasa, na mtu akitaka kuja hupiga hodi. Nije Jumapili. Nisibebe zana. Nije mimi tu.

Nampenda mwanamke huyu.

Jumapili, 10 Machi
Nimevaa shati la kola. Nimepiga hodi, mikono mitupu. Nimekaribishwa mezani, nikaulizwa habari zangu. Habari zangu mimi, si za saa! Mwanzoni nilibabaika, baadaye nikaongea vizuri tu. Bibi alicheka, tena si kwa kunicheka. Koki hakuwepo, bomba limepona. Wakati wa kuaga, Mama Mapazia akanisindikiza mpaka mlangoni, akasema Jumapili ijayo nije tena.

Furaha iliyoje! Lakini nimerudi nyumbani nikawaza. Mara moja, sawa, nilialikwa. Mwanamume mzima hawezi kwenda kwa mjane kila wiki bila sababu ya maana. Watu watasemaje? Bahati nzuri, Mama Mapazia alipogeuka kuchukua vikombe, nililegeza skrubu moja ya cherehani yake, kwa ukucha tu. Kesho haitashona. Cherehani na saa ni ndugu, na fundi yupo karibu.