Uzinduzi wa Ofisi ya Kuwalalamikia Wakubwa

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti wa Bodi ya Mamlaka ya Vibali na Leseni, ambaye ukiingia mahali hata feni zinajirekebisha. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, mliofika na mliotuma barua ya kusema mmefika. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wao na makaimu wa makaimu wao. Mke wangu kipenzi, Mama watoto, uliyekaa hapo mbele na miwani yako mipya. Watumishi wenzangu, ambao nawaita wanangu ingawa wengine mmenizidi umri. Mafundi, madereva, walinzi, wageni waalikwa, na ninyi mlioalikwa na harufu ya chakula: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, ichukuliwe kuwa imezingatiwa. (Makofi. Kicheko kutoka safu ya madereva.)

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi Mkuu, mwasisi wa mpango mkakati wa kwanza, wa pili na ule ambao bado uko kwa mchapishaji, chini ya turubai hili, ndani ya uwanja huu wa makao makuu, mbele ya mlango ule wa bluu wenye utepe mwekundu, ili kuzindua rasmi Ofisi ya Kupokea, Kuchambua, Kuchakata na Kuhitimisha Malalamiko ya Unyanyasaji wa Kijinsia Dhidi ya Viongozi Waandamizi, mradi ambao umetuchukua miaka mitano ya mchakato, semina saba, makongamano manne na ziara mbili za mafunzo, ambazo zote nilizifungua mimi, nikazifunga mimi, na katikati nikapiga picha. (Makofi ya wastani.)

Najua yanayosemwa. Yanasemwa kwenye ngazi, kwenye lifti, kwenye foleni ya chai, na kwenye hayo makundi yenu ya simu ambayo mnadhani simo. Mnasema katika jengo hili yupo mkubwa mmoja mwenye mikono isiyotulia. Nami nauliza mbele ya Bodi, mkubwa gani? (Mtu anakohoa.) Mnaona wenyewe. Uvumi ungekuwa na ukweli, angalau mmoja wenu angenyoosha mkono.

Takwimu ziko wazi. Tangu niingie madarakani tumepokea malalamiko kumi na manne ya aina hii, na yote kumi na manne yameshughulikiwa, kwa maana kwamba walalamikaji wote kumi na wanne tumewahamishia vituo vya pembezoni vyenye hewa safi, ambako mpaka leo hakuna hata mmoja aliyelalamika tena, ikizingatiwa pia kwamba huko hakuna mtandao. Hayo ni mafanikio ya asilimia mia moja, na kitengo chetu cha takwimu, kwa bidii yake, kimeifikisha mia moja na tatu. (Mkuu wa kitengo cha takwimu anasimama, anainama, anakaa.)

Siri ya mafanikio haya ni utaratibu. Hapa kwetu mtumishi haruki ngazi. Barua yoyote inayokwenda kwa Bodi huandikwa «kupitia kwa Mkurugenzi Mkuu», yaani niipitie, niipime uzito, niigonge muhuri, ndipo iende, kama itaenda. Kuna wajuaji wanauliza, je, akilalamikiwa Mkurugenzi mwenyewe? Swali zuri sana, na jibu lake ni kwamba atakuwa mtu wa kwanza kupata taarifa. (Makofi ya wakuu wa idara peke yao.) Kanuni inasema lalamiko likishafika kwa Bodi, uhamisho wa mlalamikaji unasimama hapo hapo, na ndiyo sababu tunajitahidi yasifike ovyo ovyo. Asubuhi, tukinywa chai, Mama Mwenyekiti ameniambia Bodi haijawahi kupata lalamiko hata moja la aina hii kutoka kwetu. Nilijisikia fahari mpaka nikaongeza sukari.

Kabla sijaendelea, nimtambue mhazili wangu, binti yangu yule aliyesimama kando ya spika, mwenye blauzi nyeupe. Punga mkono, binti yangu. (Mhazili hapungi.) Ni mwenye haya. Huyu ndiye anayechapa kila neno ninalolisema kwa miaka sita sasa, na mimi, kwa taarifa yenu, hotuba siisomi kabla; kiongozi anayejisomea hotuba yake nyumbani huyo ana wasiwasi na nafsi yake. Mimi naikuta hapa hapa mbele yenu, tunaishangaa pamoja. Jumatatu binti huyu anahamia kituo chetu cha mbali kuliko vyote, kwa ajili ya kukuza upeo wake, na nimeambiwa alipopata barua alilia kwa furaha. Mumewe na watoto watabaki hapa mjini, ili wamkumbuke vizuri. (Safu ya makarani inanung'unika.)

Sasa naingia kwenye kiini, ukurasa wa sita. Aha. Hapa nimewekewa mfano hai wa lalamiko, ili mwone ofisi yetu itakavyokuwa inafanya kazi kwa vitendo. Tulieni, kwa sababu sauti yangu inafaa sana kwa mambo ya huzuni.

«Kwa Mwenyekiti wa Bodi, kupitia kwa Mkurugenzi Mkuu. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo zilirudi mezani kwangu bila kufunguliwa, zikiwa na muhuri wa Imeshughulikiwa.» Sikieni lugha ilivyonyooka. «Siku hiyo wenzangu walikuwa wametoka kwenda kula. Bosi aliniita nikapange majalada ambayo nilishayapanga asubuhi. Alifunga mlango kwa ufunguo, akanishika kiuno, akasema fomu yangu ya kupandishwa daraja iko kwenye droo yake, na kwamba mimi ni mtu mzima, najua la kufanya. Nilimwambia, mimi ni mke wa mtu, wewe ni mume wa mtu, na hata tusingekuwa, sitaki. Nilimwomba ufunguo mara tatu. Wiki ile ile nilipewa barua ya uhamisho.»

Jamani. Bosi wa namna hii ni mnyama. (Makofi makubwa, hasa ya akina mama.) Niseme bila kumung'unya, mtu kama huyu mimi ningemsimamisha kazi leo, mbele ya Bodi hii, kabla hata ya chakula. (Makofi yanazidi. Mama Mwenyekiti anaandika.) Andika, Mama, andika, hayo ndiyo maneno yangu na siyafuti. Tuendelee. «Ofisi hiyo ina zulia la kijani, saa ya ukutani iliyosimama saa nne na robo, na kochi ambalo Bodi haikuliidhinisha.» Kumbe tuko wengi wenye kupenda zulia la kijani. «Jina la mlalamikiwa: Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Vibali na Leseni, mwasisi wa mpango mkakati wa kwanza, wa pili na ule ambao bado...»

(Anaigeuza karatasi, anaigeuza tena.)

Hii karatasi... hii karatasi imechanganyika. Waheshimiwa, nieleweke vizuri. Sikuitambua habari hii mara moja kwa sababu inafanana na nyingine nyingi za... nyingine nilizowahi kusikia, nasema kusikia, kwa watu wengine, kwenye taasisi nyingine, ambazo nazo zina mazulia. Fundi mitambo, hebu punguza kipaza sauti. (Fundi mitambo anaongeza.) Naomba niruke niende ukurasa wa tisa, kwenye shukrani. Nimeelezwa na Mama Mwenyekiti, kwa ishara ya kalamu, kwamba nisiruke. Sawa, Mama. Kuna kipande kidogo tu kimebaki, mambo ya kiutawala, orodha ya nakala. Haina haja ya...

(Mke wa Mkurugenzi anavua miwani. «Soma kwa sauti, Baba watoto. Huku mbele hatusikii.»)

Nasoma, Mama watoto. «Nakala: Mwenyekiti wa Bodi. Wajumbe wote wa Bodi. Watumishi wote. Mkewe.» Mwisho wa kunukuu.

Nataka kuweka rekodi sawa. Kisheria, barua hii haijafika kwa Bodi, kwa kuwa kufika ni mchakato, na mchakato una hatua, na hatua ya kwanza ni mimi kuipitia. Mwanasheria wetu yule pale atanithibitishia. (Mwanasheria anatazama viatu vyake, kisha anasema kwamba kwa jinsi yeye alivyosikia, Mkurugenzi ameipitia yote, tena kwa kipaza sauti.) Ahsante, wakili, tutaonana. Ninaona Mama Mwenyekiti amesimama. Ninaona anakuja huku. Mama, kaa tu, jua ni kali. Ninaona ananyoosha mkono auchukue ukurasa wa sita. Ameuchukua. Anasaini. Anaandika tarehe ya leo, na anamwita binti yangu aje, anamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba Jumatatu haendi kokote. Na mimi si vizuri kumwita binti yangu, ananikumbusha. (Mhazili anasema: «Mimi si binti yako. Baba yangu ni fundi cherehani, na hajawahi kunifungia mlango.»)

Tusonge mbele, muda ni rafiki wetu. Tumalizie kwa kaulimbiu, turudishe uchangamfu. Nikisema «Uwajibikaji», ninyi mseme «Kwanza». Uwajibikaji! (Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: «Masijala. Mwaka juzi, na mimi niliandika.») Hiyo siyo kaulimbiu, dada. Uwajibikaji! («Mapokezi. Mara mbili.») Naomba tufuate mpangilio wa sauti. Uwajibikaji! («Usafi. Sijui kuandika, nilikuja kusema mwenyewe, ukanipa likizo.») Inatosha, kaulimbiu imeeleweka.

Nafika kwenye shukrani. Ninaarifiwa kwamba Mama Mwenyekiti anataka kukata utepe sasa hivi, aingie kwenye ofisi mpya, akae, aanze kuwapokea akina dada mmoja mmoja leo leo. Ni wazo la kimapinduzi, Mama, nalipongeza, isipokuwa kabla hujafika pale na huo mkasi, nichukue fursa hii adhimu kumshukuru fundi seremala wetu, kwa kazi iliyotukuka ya kutuazima mlango ule wa bluu na kuutundika ukutani kwa misumari minne, kwani nyuma yake, kwa mujibu wa awamu ya kwanza ya mradi, hakuna chumba. Hakuna pia meza, ofisa, wala daftari, na awamu ya pili ilikuwa ni kuurudisha mlango kwa mwenyewe, ambaye ana mteja kesho. Nawashukuru washauri waliotuandalia ramani ya chumba hicho. Namshukuru kila aliyeamini.

(Wahudumu wanabeba meza ya chakula, wanaiweka wazi katikati ya uwanja. Mama Mwenyekiti anakaa. Mhazili anakaa karibu naye, anafungua daftari. Wanawake wanaanza kusimama.)

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, chakula kiko tayari isipokuwa meza imepata matumizi mengine. Na ninyi mliojipanga hapo mbele ya jukwaa, ambao naona foleni yenu imeshafika getini na bado mnaongezeka, naomba kwa heshima na taadhima mnipishe kidogo nipite.

(Hakuna anayesogea.)