Kitambaa cha Meza ya Natalia

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Vyombo vya binti yangu Natalia vitapelekwa kwa mume, mtaa wa Mikumbi, Jumamosi ya tarehe 14. Ameomba kitu kimoja tu kutoka kwa baba yake: kitambaa cha meza, nikifume mwenyewe. Nimeahidi mbele ya wageni. Nilisimama kabisa.

Skolastika alikuwapo. Ni shangazi wa bwana harusi na mfumaji hodari wa kikundi cha akina mama kanisani. Alisema anacho kitambaa cheupe tayari, kikae akiba, endapo Mwalimu atainuka kwenda kutazama kitu na asirudi. Wageni walicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Ni kweli kwamba huinuka. Tangu utotoni mwili wangu haujui kukaa. Nimefundisha sarufi miaka thelathini nikizunguka kati ya madawati. Sista Restuta wa zahanati ndiye aliyenishauri nifume: mikono ikipata kazi, kichwa kitatulia. Alisema kweli. Siku hizi husikiliza taarifa ya habari hadi mwisho. Kumaliza kitambaa ni jambo jingine.

Jumanne, 3 Agosti
Dukani kwa Yahya. Zamani duka la ushirika lilikuwa na uzi mweupe, na wiki nyingine halikuwa na uzi. Mtu alifuma cheupe, akamaliza. Sasa kila kitu ruksa. Rangi kumi na moja! Nimechukua tano. Kufikia alasiri nimeanza vitambaa vitano. Hakuna kinachozidi kisahani cha chai. Mke wangu Salome ameuliza kama Natalia anaolewa na meza tano.

Alhamisi, 5 Agosti
Mbinu. Nimejifunga kitini kwa khanga mbili za Salome, kiunoni na miguuni, ili nisiinuke. Kazi ilikwenda vizuri ajabu kwa robo saa. Ndipo jirani, Mzee Lukas, alipokuja kuazima nyundo. Aliponiona alirudi mbio akipiga kelele za mwizi. Watu kumi na wawili, na magongo! Nilijaribu kuinuka niwapokee. Nikaanguka pamoja na kiti. Vijana waliniamkia shikamoo nikiwa sakafuni. Niliitikia marahaba, kwa kuwa adabu haitegemei mkao.

Jumapili, 8 Agosti
Nimefuma kanisani, ndani ya kofia. Mizunguko minne. Nimesikia mahubiri yote, mara ya kwanza tangu kipaimara. Skolastika, benchi la nyuma, alininong'oneza kwa sauti iliyofika altareni: hicho ni kitambaa, Mwalimu, au ni chandarua cha mbu mmoja?

Nimechagua bluu. Rangi nyingine Salome amezifungia kabatini, na ufunguo anao yeye.

Jumatano, 11 Agosti
Kitambaa kimefikia upana wa ungo. Katikati pana nyota niliyoibuni mwenyewe. Haikuwapo popote kabla ya mikono yangu. Natalia alikaa kando yangu akaitazama muda mrefu. Alisema hiyo atawaonyesha wanawe.

Baadaye nilifungua saa ya ukutani nione kwa nini inachelewa. Haichelewi tena. Imesimama.

Ijumaa, 13 Agosti
Kimekwisha! Kimebakiza jambo moja: kukata uzi, kupitisha ncha yake katika kitanzi cha mwisho, kukaza. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, kwa hiyo haina haraka. Nimekata uzi. Wakati huo huo nikaona bawaba ya mlango imelegea.

Salome ameuliza mara tatu kama nimemaliza. Nimejibu mara tatu kwamba nimemaliza. Nimempelekea Skolastika salamu: akikunje cheupe chake.

Jumamosi, 14 Agosti
Msafara ulikuwa mzuri. Agnes, mdogo wake Salome, alibeba meza kichwani, kitambaa kimetandikwa juu. Mimi nilikuwa mbele na wapiga ngoma. Nyuma watu walicheka na kupiga vigelegele njia nzima. Niliinua mkono kuwashukuru.

Ncha ya uzi ilikuwa imenasa kwenye mchongoma wa Mzee Lukas, hatua kumi kutoka mlangoni kwetu. Kila Agnes alipopiga hatua, vitanzi vilifumuka. Baiskeli mbili zilinaswa njiani. Mbuzi mmoja pia. Kitambaa kilifika Mikumbi kikiwa nyota tu.

Skolastika alikitazama. Akasema karibuni, karibuni sana, kumbe Mwalimu ametuletea kifungo cha shati. Akatandika cheupe chake. Kilienea meza nzima, pembe zote nne. Ni kazi safi. Naandika hivyo kwa kuwa hapa hakuna atakayesoma.

Natalia aliiokota nyota. Akaiweka katikati, juu ya cheupe, kisha akaweka glasi yangu ya sharubati juu yake. Aliniangalia tu.

Nilikaa. Salome anasema nilikaa saa mbili bila kuinuka, na kwamba alidhani naumwa.

Jumapili, 15 Agosti
Nimeukunja uzi wangu kutoka Mikumbi hadi mchongomani. Ncha ilikuwa imejifunga kwenye mwiba, imara kabisa. Katika kazi nzima fundo lilikuwa hilo moja.

Tathmini. Kitambaa changu kiko juu, cha Skolastika kiko chini. Ushindi. Kosa ni la Mzee Lukas, aliyeotesha miiba karibu na njia. Nimeanza kumwandikia barua. Imefika aya ya pili.

Skolastika amemtuma Agnes aniambie kwamba siku nyingine nikaze kitanzi kwanza, bawaba baadaye. Nilimjibu kwamba simhitaji mwalimu.

Baada ya misa nimetangaza, nikiwa nimesimama, kwamba nitamfumia mjukuu wangu wa kwanza shuka. Vipande arobaini, rangi tano. Salome amenipa ufunguo wa kabati akitikisa kichwa. Kipande cha kwanza kimekwisha sasa hivi, chekundu, kizuri sana. Kimebakiza kukazwa tu.

Bawaba ya mlango imelegea tena.