Kompresa Iliyouzwa Mara Saba

Bwana Pumzi alikuwa kwenye duka la vifaa, akijifanya anachagua misumari, alipomsikia mama mmoja akimwuliza muuzaji, "Bei hiyo ni ya kompresa, au ni ya nyumba yenye kompresa ndani?"

Masikio ya Bwana Pumzi yalisimama. Wako waja wanaosikia sauti ya Mungu katika upepo. Yeye katika upepo alisikia riziki, tena ya mtu mwingine.

"Mama, pampu uliyonunua ni ya kiwambo," muuzaji alieleza kwa uvumilivu. "Haina mota. Ina ngozi mbili za mpira, hewa inasukuma hii, inasukuma ile, sabuni inapanda. Sasa hewa hiyo inaila kama bweni la wanafunzi wenye njaa. Ukiipa kompresa ndogo itakwama tu. Rahisi ni ghali."

"Na ghali je? Si ghali vilevile?" mama alijibu, akatoka.

Mtaani alijulikana kama Mama Povu, mwenye karakana ya sabuni ya maji. Alikuwa mcha Mungu na mchapakazi, ila kitu cha bei chee kilimpofusha. Hospitali ilikuwa imemwagiza mapipa arobaini ya sabuni, mwisho Ijumaa jioni. Akichelewa, oda inahamia kwa mpinzani wake, na mafundi wake wanne wanarudi nyumbani kukaa.

Bwana Pumzi alimfikia kabla hajavuka barabara.

"Shikamoo mama. Mimi ni mhandisi wa hewa."

"Marahaba. Hewa nayo ina mhandisi?"

"Mama yangu, kila kinachoweza kuharibika kina mhandisi. Nina kompresa ya kiwandani, ya daraja la kwanza. Kwa sababu ni wewe, na kwa sababu nimeona uso wako una sala, nitakupa kwa nusu ya bei ya yule mnyang'anyi."

Hapa yafaa tuseme ukweli, maana ukweli nao una haki ya kuingia katika hadithi hata kama mhusika mkuu haupendi. Kompresa hiyo ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa pancha. Bwana Pumzi alikuwa akila kwao na kulala kwenye kochi la sebuleni kwao. Wiki tatu zilizopita shemeji alisafiri kumwuguza mama yake, akamwachia kazi moja tu.

"Shemeji, hewa ikibanwa inatoa jasho. Jasho hilo linatuama ndani ya tangi. Kila asubuhi fungua koki ya chini, mwaga maji. Basi."

"Shemeji, hilo tu? Nipe na lingine!"

Hakumwaga hata siku moja. Badala yake alikata karatasi nyekundu, akaandika HEWA SAFI YA VIWANDANI, akaibandika juu ya kibati cha kiwanda ili watu wasisome kilichoandikwa. Kisha akaanza kuiuza.

Aliiuza kwa namna ya pekee. Mteja akishalipa, baada ya siku mbili kompresa inazidiwa na kazi. Bwana Pumzi anafika na mkokoteni na uso wa msiba, anaweka sikio kwenye tangi, anatikisa kichwa. "Hewa imechacha. Hii inaweza kulipuka ikafuta mtaa. Acha niibebe mimi, nife mimi." Seremala alimshukuru. Mpaka rangi wa magari alimshukuru na kumpa nauli ya mkokoteni. Watu sita walikwisha kuinunua, na bado ilikuwa ya shemeji. Shetani, ndugu zangu, hana mali yake. Huazima.

Mama Povu akawa wa saba. Jumanne kompresa ilifika karakanani ikiwa imejazwa hewa hadi shingoni. Pampu iliunguruma vizuri, pu-cha, pu-cha, sabuni ikapanda pipani. Kabla dakika ya tatu haijaisha Bwana Pumzi akaizima.

"Mbona unazima?" aliuliza Mama Povu.

"Siku ya kwanza haichoshwi, mama. Ni kama bibi harusi."

Mama Povu aliweka mkono juu ya tangi akaiombea mashine ifanye kazi iliyoletewa. Bwana Pumzi akaitika "Amina" kwa sauti kuliko mafundi wote wanne.

Alhamisi mchana alirudi na mkokoteni wake na uso wake wa msiba. Jumamosi shemeji anarejea, na asipoikuta kompresa, kochi limekwenda. Lakini alipoingia hakukuta kilio. Alikuta mafundi wamechuchumaa kuizunguka pampu, wamesimamisha chupa za soda mbele ya tundu la kutolea hewa. Na kwenye tundu hilo, katika joto la kukaanga mayai juu ya bati, kulikuwa na barafu. Nyeupe, nene, yenye ndevu.

"Karibu mhandisi!" alisema Mama Povu. "Pampu yako inakwenda hatua kumi inalala, lakini tazama baraka! Chukua soda, imepoa."

Bwana Pumzi aligusa barafu. Ilikuwa baridi kweli. 

"Mama... hii imeanza lini?"

"Tangu jana. Hewa inatoka, inaganda. Mimi nilitaka kusukuma sabuni, Mungu amenipa barafu. Sasa sijui nimkosoe?"

"Usimkosoe!" Akili ya Bwana Pumzi ilikuwa tayari sokoni, kwa wauza samaki wanaolilia barafu kila siku. Wiki tatu amekuwa akiuza muujiza kwa bei ya chuma! Akishika barafu, shemeji atanunuliwa kompresa nyingine, hata mbili. "Ila mama, barafu haijazi mapipa. Na kesho ni Ijumaa."

"Ndilo linaloniliza, mwanangu."

"Nirudishie hii. Nitakuletea nyingine."

Mama Povu alishusha pumzi kama mtu anayeombwa figo. "Niuache muujiza kwa chuma? Labda kiwe chuma cha maana." Akatoa daftari la mazoezi mfukoni, akasoma polepole, kidole chini ya kila neno. "Pampu yangu inakula lita mia nne za hewa kwa dakika. Kompresa itoe zaidi ya hapo, iongeze theluthi, isiwe inahema mchana kutwa. Iwe na tangi kubwa. Iwe na chujio la kukamata maji. Iwe na kidhibiti cha presha, mpira wa kiwambo usije ukapasuka. Na bomba lake liwe nene, si huu mrija wa soda."

"Umeyatoa wapi hayo, mama?"

"Kwenye karatasi iliyokuja na pampu. Huwa nasoma vikaratasi, najifunza."

Bwana Pumzi alikaribia kumhurumia. Kesho yake asubuhi alibeba fedha zote alizovuna kwa wale sita na kwa huyu wa saba, akaenda kwa yule yule muuzaji aliyemwita mnyang'anyi, akanunua kila kilichokuwa kwenye daftari. Akaifunga mwenyewe kwa jasho lake, akakaza bomba, akapima presha. Pampu ikaimba bila kupumzika. Kisha akapakia kompresa ya barafu mkokotenini, akaondoka akipiga mluzi.

"Mungu akulipe sawasawa na kazi yako!" Mama Povu alimwombea kwa nyuma.

"Amina!" alijibu. Watu wengi huitikia maombi bila kuyasikiliza.

Jumamosi saa tatu asubuhi alimwalika muuza samaki uani kwa dada yake. Akawasha kompresa, akaingiza mpira wa kupulizia ndani ya ndoo ya maji, akafungulia.

Maji yalitoa mapovu. Wakangoja. Yakatoa mapovu.

"Barafu iko wapi?" aliuliza muuza samaki.

"Inakuja. Ina aibu ya wageni."

"Kaka," alisema dada yake kutoka mlangoni, "unaogesha nini?"

Muuza samaki alikuwa anatafuta ndala zake aondoke wakati geti lilipofunguka. Shemeji aliingia na begi begani, saa kadhaa mapema kuliko alivyotegemewa, akaenda moja kwa moja kwenye kompresa yake, akainama, akagusa koki ya chini.

"Kavu! Shemeji, umemwaga maji! Nami niliapa njiani kwamba hukumwaga." Kisha akaona karatasi iliyokunjwa na kufungwa kwa uzi kwenye koki. Akaikunjua, akaisoma kwa sauti. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyejifunza ukubwani.

"Ndugu mhandisi. Lebo yako niliibandua Jumatano kwa sabuni, sabuni yangu haishindwi na gundi. Chini yake nikasoma: lita mia moja na ishirini kwa dakika, mwaga maji kila siku. Barafu ile ilikuwa maji yako. Hewa yenye maji ikitoka kwa nguvu inapoa, inaganda. Nikayaacha mpaka uje uyaone, lebo nikairudisha. Alhamisi ulipoondoka nimekumwagia, lita nne. Ukisoma hii, mapipa arobaini yamekwisha kwenda hospitali. Seremala na mpaka rangi nasoma nao darasa la jioni, na wamewapata wengine wanne. Wanapenda kukusalimu Jumamosi saa nne. Fundi wangu alikufuata Alhamisi, nimewaelekeza nyumba. Nakuombea."

Shemeji aliitazama karatasi nyekundu kwenye tangi, akaivuta, ikatoka kirahisi kama ngozi ya ndizi. Halafu akatazama saa yake. Halafu akatazama kochi, lililoonekana vizuri kupitia mlangoni.

"Saa nne kasoro dakika mbili," alisema.

Geti liligongwa. Kwa mlio wake, mikono ilikuwa mingi.

Bwana Pumzi alipiga magoti, kwa mara ya kwanza tangu utoto, mbele ya kompresa. Akaishika koki, akaifungua kwa bidii kubwa, kama mfanyakazi ambaye hajawahi kukosa siku hata moja. Hakikutoka hata tone.

"Naona unafanya kazi, shemeji," alisema fundi wa pancha, akielekea kufungua geti. "Endelea hivyo hivyo. Usiinuke."